Injini ya Wafula na Mlima wa Kasubi

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu, ilianza kwa mvua, na hata leo mabati yakianza kulia huweka chini nilichoshika kabla sijajua kwa nini. Sikusimulii ili unihurumie. Nakusimulia kwa sababu juzi nilikuona ukimkabidhi mtu pikipiki yake, naye akalalamika kwamba haina nguvu, nawe ukamjibu, "Nenda tu, itazoea." Neno hilo nalijua. Mimi pia nililisema, na nusura liue mtu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilifanya kazi Bwaise, mtaa wa Kampala, kwenye gereji ya Mzee Doka, karibu na ule mtaro mkubwa unaofurika kila masika. Mzee Doka alikuwa Mnubi kama mimi, wa uzao wa wale askari walioletwa kutoka Sudani enzi za wakoloni, na ufundi aliupata kambini, kwenye magari ya jeshi. Ndiyo maana gerejini kwake kila mtu alisema Kiswahili, awe Muganda, Mkongo au Mkenya, hata kama ni cha kuvunjikavunjika. Mzee mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache. Akiridhika na kazi yako alinyamaza, na asiporidhika pia alinyamaza, ikabidi ujifunze mwenyewe kunyamaza kupi ni kupi.

Kwa miaka mitatu alinipa kazi ndogondogo: kubadilisha minyororo, kufunga breki, kuosha kabureta. Injini nzima, ya kushusha na kufungua mpaka boliti ya mwisho, hakuwa amenipa. Ya kwanza ilikuwa ya Wafula.

Wafula alikuwa Mkenya wa Bungoma aliyekuja Kampala kutafuta maisha, akawa anaendesha boda. Mtu wa kanisa, mpole, asiyegombana na abiria. Mwaka mmoja kabla, mkewe Nekesa alishikwa na uchungu siku ya mafuriko. Maji yalifunga njia, gari halikuweza kuingia, na pikipiki ya Wafula, iliyokuwa imechoka, ikagoma kuwaka. Walifika hospitali wamechelewa, na mtoto hakuishi. Sasa Nekesa alikuwa mjamzito tena, amebakiza mwezi, na mvua zilikuwa zinarudi.

"Mzee, nataka injini ifanywe yote," Wafula alisema, amesimama mlangoni na helmeti yake mkononi. "Mwezi ujao nitaihitaji. Unajua ni kwa nini."

Mzee Doka alijua, na mimi nilijua. Mtaa mzima ulijua. Mzee akanigeukia. "Rajabu ataifanya."

Niliifanya kazi ile kwa moyo wangu wote. Silinda ilichongwa, nikaweka pistoni mpya na ringi mpya, valvu nikazisaga mpaka zikakaa vizuri mahali pake. Nilipoipiga kiki iliitika mara moja. Lakini juu kule kwenye valvu palikuwa na mlio mdogo, tak-tak-tak, kama kijiko kikigonga kikombe. Waendesha boda wawili waliokuwa wamekaa kwenye benchi la gereji wakatazamana, na mmoja akasema, "Injini mpya, mbona inapiga kelele?"

Mwanangu, maneno hayo yalinichoma. Nilizima, nikafungua vifuniko vya valvu, nikakaza skrubu zake kidogo. Nilipowasha, mlio ulikuwa umepungua. Nikakaza tena, na mlio ukaisha kabisa, injini ikawa inanguruma laini. Mmoja wa wale wawili akanipiga begani. Sikupima. Zile bapa nyembamba za kupimia nafasi ya valvu zilikuwa ndani ya sanduku la Mzee, hatua kumi kutoka nilipochuchumaa, na sikuziendea. Mzee alikuwa ameenda msikitini. Aliporudi aliniuliza jambo moja tu. "Umeipanda?"

"Nimeipanda," nikasema. Nilikuwa nimeizungusha mara mbili mbele ya gereji.

Baada ya siku mbili Wafula alirudi. Akasema, "Asubuhi inaenda vizuri sana. Lakini ikishika moto inakosa nguvu. Nikifika kwa mlima inataka kuzima."

Niliiwasha pale pale. Ilikuwa imepoa wakati tukizungumza, ikawaka vizuri, ikavuta vizuri. Nikamwambia injini mpya hubana, aingoje izoee. Akaenda. Akarudi tena na maneno yale yale: ikishika moto. Nikaosha kabureta, nikabadilisha plagi, nikalaumu petroli ya kituo anachonunua. Mara ya tatu, na naona haya kulisema hili, nilimlaumu yeye mwenyewe. Nilimwambia anabeba abiria wazito na anachezea klachi. Alivaa helmeti yake, akasema, "Sawa, fundi," akaondoka. Nyani haoni kundule. Mimi niliona makosa ya petroli, ya abiria, ya klachi, na mkono wangu sikuuona.

Lakini usidhani nilikuwa na amani. Kuanzia siku hiyo chakula kilipoteza ladha. Kila pikipiki iliyopita nilitega sikio kama ni ya Wafula. Nikikutana na Nekesa njiani, amebeba tumbo lake na kutembea taratibu kati ya madimbwi, nilivuka upande wa pili. Nilijua kuna kitu, ila sikujua ni kitu gani, na kuuliza niliona aibu. Mara mbili nilimwendea Mzee Doka nikiwa na maneno mdomoni, na mara mbili nikaomba spana badala yake. Mficha maradhi, wahenga wamesema, kifo humuumbua.

Basi ikaja hiyo siku ya mvua. Ilinyesha toka alfajiri, na ilipofika saa nane mchana mtaro ulikuwa umetapika, maji ya rangi ya chai yamefika kwenye ngazi za maduka. Nilikuwa nimesimama gerejini pamoja na waendesha boda sita au saba waliokaa kwenye benchi kujikinga mvua, wale wawili wakiwamo. Nikaiona pikipiki ya Wafula ikija polepole majini. Nekesa alikuwa nyuma, amemshika mumewe kiunoni, paji la uso ameliegemeza mgongoni mwake.

Wafula alisimama mbele yetu bila kuzima injini. Barabara ya chini ilikuwa imejaa maji. Njia iliyobaki ilikuwa ya kupanda mlima wa Kasubi, kisha kushuka upande wa pili kwenda hospitali ya misheni.

"Rajabu," akasema. Hakuniita fundi. "Niambie ukweli. Itapanda Kasubi?"

Mwanangu, pikipiki ya Mzee Doka ilikuwa pale pale chini ya turubai, imejaa mafuta. Ingetosha kusema, "Chukua hii." Maneno mawili. Watu wote walikuwa wananitazama. Nekesa aliinua uso, nikaona midomo yake imekauka.

Nikasema, "Itapanda."

Akatia gia, akaenda.

Sijui nilisimama pale dakika ngapi. Wenzangu walirudi kwenye mazungumzo yao, mmoja akacheka jambo, na kicheko kile nilikisikia kana kwamba kinatoka nyumba ya jirani. Nilikuwa naipanda barabara ile kichwani: sasa wamepita kwenye maji, sasa wameanza mlima, sasa injini imeshika moto. Nilimpigia simu Wafula, haikupatikana. Nikapiga tena. Nikaingia ndani alikokuwa Mzee Doka, amekaa juu ya tairi anakunywa chai.

"Mzee, ile injini si nzima. Sijui ina nini. Nimemwambia itapanda, na sijui."

Aliweka kikombe chini, akachukua mfuko wake mdogo wa vyombo, akasema, "Washa yangu."

Tuliikuta pikipiki ya Wafula imeegemezwa ukuta wa nyumba moja, mlima ukiwa umebaki nusu. Wenyewe hawakuonekana. Helmeti ilikuwa imeanguka chini, inaingia mvua. Mlangoni alisimama mwanamke mnene aliyekunja mikono ya gauni lake, Nnaalongo, kama Waganda wanavyomwita mama wa mapacha. Aliuza makaa hapo.

"Wewe ni nani, ssebo?" akaniuliza.

"Mimi fundi."

Akaitazama pikipiki, akanitazama mimi. "Fundi wa hii?"

Nikaitikia kwa kichwa. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alisema tu, "Bambi, mwanamke iko ndani. Mtoto anakuja. Mimi nimezaa, lakini mimi siyo musawo. Leta musawo." Ssebo ni bwana, bambi ni neno la huruma, na musawo ni daktari au muuguzi, mtu yeyote mwenye elimu ya dawa.

Mzee alishuka, nami nikageuza pikipiki yake kwenda zahanati niliyoijua, ng'ambo ya mlima. Sikumbuki njia. Nakumbuka tu kwamba pikipiki ile ilipanda bila kulalamika, na kila ilipovuta niliumia zaidi, kwa kuwa ndiyo niliyoinyima midomo iliyokauka. Nilimpata mkunga mmoja wa makamo akifunga mwavuli wake, nikamweleza, akapanda bila kuuliza zaidi.

Alikaa ndani muda mrefu. Mimi na Mzee Doka tulisimama chini ya paa na magunia ya makaa, hatuangaliani. Sauti ya Nekesa ilisikika, kisha ikanyamaza, na kule kunyamaza kulinitisha kuliko kilio. Halafu tukasikia mtoto. Nililia, mwanangu, nikidhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Mkunga alitoka kwa haraka, akasema damu haikatiki na gari litafutwe sasa hivi. Nnaalongo akakimbilia kwa jirani mwenye pikapu. Walimbeba Nekesa katika shuka, Wafula akiwa ameshika kichwa chake, na Nnaalongo nyuma amemfunika mtoto kifuani. Wafula alipita karibu nami kiasi cha kugusana mabega. Hakuniona, au aliniona. Pikapu ikapotea juu ya mlima.

Nikaidaka pikipiki ya Mzee niwafuate. Mzee akashika usukani.

"Unakwenda kufanya nini kule?" akauliza. "Utampa dawa?"

"Mzee, akifa..."

"Kule wapo wenye kazi yao. Kazi yako ni hii." Akaonyesha pikipiki ya Wafula. "Iwashe."

Nikaipiga kiki. Ikawaka mara moja, laini, kama siku ile ya sifa. Na unajua moyo wa binadamu ulivyo? Nilihisi faraja. Karibu niseme, si unaona, iko sawa. Mzee akauona uso wangu. Akapanda nyuma na mfuko wake wa vyombo, umri ule. "Shuka mpaka Bwaise, urudi. Usizime."

Tulishuka, tukageuza pale maji yalipoanzia, tukapanda. Mwanzo ilivuta vizuri. Tulipofika kwenye mwinuko mkali nikahisi nguvu inapungua chini yangu, kama mtu anayekuachia mkono polepole. Nikapunguza gia. Nikapunguza tena. Ikatetemeka, ikazima, tukaanza kurudi nyuma, nami nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote huku lori likipiga honi nyuma yetu. Hapo ndipo nilipojua Wafula alijua nini kwa wiki tatu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tuliisukuma pembeni. Mzee akasema, "Bonyeza kiki kwa mkono. Taratibu." Nikabonyeza. Ilizama mpaka chini bila kunipinga hata kidogo.

"Injini yenye pumzi husukuma mkono wako," akasema. "Hii pumzi imetoka wapi? Usinijibu. Tafuta."

Nikatoa plagi, nikaigusisha kwenye chuma, nikapiga kiki: moto ulikuwepo, wa buluu. Nikachomoa mpira wa mafuta: yalikuwa yanatiririka. Nikafungua vifuniko vya valvu, vidole vikiungua, nikazungusha injini mpaka pale ambapo valvu zote mbili zinapaswa kuwa zimefunga. Nikatikisa mkono wa valvu ya kuingiza hewa: ulicheza kidogo, kidogo mno. Nikatikisa wa valvu ya moshi. Haukucheza. Ulikuwa umekaza kabisa.

Nikaelewa. Chuma kikipata moto hurefuka. Nafasi ile niliyoiua ndiyo ambayo valvu ingetumia kurefukia na bado ikaweza kufunga. Sasa ikishika moto ilibaki wazi unene wa unywele, na nguvu yote ikatorokea kwenye bomba la moshi. Ikipoa, ikarudi kufunga. Ndiyo maana gerejini haikuugua hata siku moja.

"Nani alikaza hapa?" Mzee aliuliza.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa inapiga kelele. Watu walikuwa wanasikia."

Nilichukua bisibisi nilegeze. Akanishika mkono. "Ikiwa moto haipimwi. Subiri ipoe."

Basi tukasubiri. Ile saa moja ndiyo ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa duniani. Mvua ilikuwa imepungua, magari yalipanda na kushuka, na kila pikapu iliyotoka ng'ambo nilisimama kuangalia kama inarudi na maiti. Nilipiga simu ya Wafula mpaka Mzee akaniambia niache, labda anapigiwa na watu wa maana. Halafu, bila kunitazama, akasema maneno mengi kuliko aliyoniambia kwa miaka mitatu.

"Wafula alikuletea jibu mara tatu. Alisema, ikishika moto. Mgonjwa amekuambia panapouma, wewe ukampima mahali pengine. Hukuwa kiziwi, Rajabu. Ulijua kwamba ukimsikia itabidi useme, nimekosea. Kukosea hata mimi nakosea, wiki iliyopita nilifunga breki kinyume. Lakini leo mtu alikuuliza swali lenye roho mbili ndani yake, na ukawajibu wale waliokuwa wamekaa kwenye benchi."

Injini ilipopoa alinipa zile bapa, nikapima, nikaacha nafasi inayotakiwa. Nilipowasha, ule mlio mdogo ulirudi, na sasa nilijua ndio sauti ya valvu yenye nafasi yake. Tukapanda Kasubi mpaka juu, tukashuka, tukapanda tena, mara tatu, mpaka injini ikawa moto wa kukaangia yai, na haikutetemeka. Kesho yake alinifanya nifungue kichwa cha injini nihakikishe valvu haikuungua. Ilikuwa imeanza kuungua ukingoni. Nikaisaga upya.

Habari za Nekesa hatukuzipata siku hiyo wala iliyofuata. Siku ya tatu mtu wa kanisa lao alipita akasema ameongezewa damu na amefumbua macho. Mtoto alikuwa wa kike, mzima. Nilikaa chini kwenye mafuta na vumbi, nikashindwa kuinuka.

Waliporudi nyumbani nilipeleka pikipiki. Wafula alikuwa nje akianika nguo ndogondogo za mtoto kwenye kamba. Nikasema yote: skrubu, sifa, uongo kwamba niliipanda, na lile "itapanda." Aliendelea kuanika mpaka nguo ya mwisho.

"Nilijua hujui," akasema. "Nilikuona usoni. Lakini nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia itapanda, na wewe ukasema." Akafuta mikono kwenye suruali. "Rajabu, leo sitakukaribisha ndani. Labda siku nyingine. Usiniambie tena kitu usichokijua, hata kiwe kidogo namna gani."

Ilichukua miezi kabla hajanikaribisha. Alinikaribisha, na nilikula kwake, na injini ile niliihudumia miaka mingi. Lakini Nekesa hakupanda tena pikipiki niliyoigusa mimi mpaka walipohamia mtaa wa Bukoto, na sikumlaumu.

Sasa nisikilize, mwanangu, kwa kuwa nywele zangu zimekuwa nyeupe na sitaki uyanunue haya kwa bei niliyoyanunulia mimi. Pikipiki ikirudi kwako baada ya kazi kubwa, anza na mkono wako. Kilichoguswa mwisho ndicho cha kwanza kuulizwa. Msikilize anayeipanda, maneno yake yabebe kama yalivyo. Akisema ikiwa moto, usiipime ikiwa baridi. Ipande mwenyewe mpaka kule inakomshinda, na pale anapohofia yeye, uhofie na wewe. Usiue mlio kwa sababu watu wanausikia. Uliza kwanza mlio huo unasema nini. Na ukiwa hujui, sema hujui, hata benchi zima likikutazama. Aibu ya neno hilo hukaa usoni dakika moja. Aibu ya kulificha mimi nimeibeba mpaka uzeeni.

Na yule mtu wa juzi, uliyemwambia itazoea, namba yake unayo. Mpigie kabla hujanywa chai yako.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako, aiepushe na haraka ya kutaka sifa. Akupe masikio ya kuwasikia wanaokuja wakilalamika, na ulimi mwepesi wa kukiri. Wote watakaopanda ulichokitengeneza, na wanaowabeba nyuma yao, na walio matumboni mwao, wafike salama waendako. Amina.